Mategemeo ya Programu na Umuhimu wa Kuyaandika

Mwanafunzi wa kemia akiandika katika taarifa yake kwamba alitumia "asidi", bila kutaja ni asidi gani wala ukolezi wake, mwenziwe hawezi kulirudia jaribio hilo. Kanuni hiyohiyo huwahusu watunzi wa programu za kompyuta.

Programu ni mfululizo wa maagizo yanayofuatwa na kompyuta. Ni nadra mtunzi mmoja kuyaandika yote. Aghalabu huchukua vipande vilivyotungwa na wengine, akaviunganisha na kazi yake. Vipande hivyo ndivyo mategemeo ya programu.

Mnamo tarehe 22 Machi 2016, mtunzi mmoja, baada ya mzozo juu ya jina la programu, aliziondoa kazi zake katika ghala la npm, ambamo huhifadhiwa programu huria za lugha ya JavaScript. Miongoni mwazo kilikuwamo kipande kiitwacho left-pad, chenye mistari 11 tu. Kazi yake ilikuwa kuongeza nafasi au herufi kushoto mwa neno mpaka litimize urefu unaotakiwa. Mara miradi mingi ikashindwa kuundwa, hadi ghala lilipokirudisha saa chache baadaye. Wengi walioathirika hawakujua kwamba walikitegemea. Wao walitumia Babel. Babel nayo ilitumia vipande vingine, na kimojawapo kikatumia left-pad.

Je, mradi wa watu wengi uandikeje mategemeo yake? Katika JavaScript, faili la package.json hutaja mategemeo ya moja kwa moja pamoja na matoleo yake. Katika toleo 2.4.1, kwa mfano, tarakimu ya kwanza hubadilika pale matumizi ya zamani yanapovunjika, ya pili panapoongezwa jambo jipya, na ya tatu makosa yanaposahihishwa. Faili la package-lock.json, lililoanza kutumika mwaka 2017, huorodhesha hata mategemeo ya mategemeo, kila moja kwa toleo lake halisi.

Mafaili ya mipangilio nayo yahitaji maelezo: kila mstari unaamua nini, na thamani zipi zinakubalika. Nywila zisiwekwe humo. Huwekwa faili la mfano, kila mtu akajaza zake kando.

Orodha pekee haizuii tegemeo kutoweka. Lakini mradi wenye orodha kamili hujua mara moja kilichopungua, na mgeni anayejiunga nao leo huweza kuunda programu ileile waliyoiunda waliomtangulia.