Bunge na Fedha za Umma (2): Miezi Kumi na Sita ya Kungoja

Mwaka wa fedha 2021/22 ulifungwa Juni 30, 2022. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, Charles Kichere, alimkabidhi Rais Samia Suluhu Hassan ripoti za mwaka huo Machi 29, 2023. Siku hiyohiyo Rais alieleza hadharani kisa cha ndege ya mizigo: bei iliyofahamika ilikuwa dola milioni 37, lakini ankara iliyoletwa ilidai dola milioni 86. Habari ikashika vijiwe vyote, kuanzia magengeni hadi maofisini. Aprili ripoti zikawekwa mezani bungeni Dodoma, na baadhi ya wabunge wakataka zijadiliwe papo hapo. Jibu walilopewa ni la utaratibu: kamati zizichambue kwanza, mjadala utakuja Novemba.

Kwa hiyo tangu vitabu vifungwe hadi wabunge walipozijadili hoja zenyewe ilipita miezi kumi na sita. Shilingi iliyotumika Julai 2021, mwezi wa kwanza wa mwaka ule, ilijadiliwa baada ya zaidi ya miaka miwili.

Hakuna aliyevunja sheria hapo. Ibara ya 143 ya Katiba ya Tanzania inamtaka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, au CAG kama anavyoitwa na kila mtu, akague hesabu za Serikali, mahakama na Bunge walau mara moja kwa mwaka na kumpelekea Rais taarifa. Rais naye anatakiwa kuhakikisha taarifa hiyo inafika bungeni ndani ya siku saba tangu kikao cha kwanza kinachofanyika baada ya yeye kuipokea. Mkaguzi ana miezi tisa baada ya mwaka kufungwa, yaani hadi mwisho wa Machi. Kisha Kamati ya Hesabu za Serikali, PAC, na ile ya Serikali za Mitaa, LAAC, huwaita maafisa masuuli mmoja baada ya mwingine na kuwauliza vocha ziko wapi, nani aliidhinisha malipo, kwa nini zabuni haikutangazwa. Ni kazi ya kusoma maelfu ya kurasa, na wanaoifanya kwa bidii wanastahili heshima.

Tatizo ni kile kinachotokea wakati wao wanasoma. Afisa masuuli aliyesaini huenda ameshahamishwa kituo au amestaafu. Mkandarasi ameshalipwa na kuhamisha mitambo yake. Bunge lenyewe limeshapitisha bajeti nyingine mbili, na fungu lile lile lililotiliwa shaka limeshatengewa fedha upya. Aliyeko kwenye kiti hujibu kwamba mambo hayo aliyakuta, na mara nyingi anasema kweli.

Kenya ilijaribu kulibana jambo hili ndani ya Katiba yake ya 2010. Ibara ya 229 inampa Mkaguzi Mkuu miezi sita, kisha inalipa Bunge miezi mitatu ya kuijadili ripoti na kuchukua hatua. Utekelezaji umekuwa ukisuasua, lakini angalau Mkenya anayelalamika kuhusu ucheleweshaji ana kifungu cha kushika mkononi. Mtanzania hana tarehe ya namna hiyo upande wa Bunge.

Kuna jambo lingine linalowachanganya wananchi kila Aprili, nalo ni hati safi. Halmashauri inapata hati safi, mkurugenzi anapongezwa, kisha kurasa chache mbele ripoti hiyohiyo inaeleza mapato yaliyokusanywa kwa mashine za POS bila kupelekwa benki. Msomaji anadhani mkaguzi anajipinga. Hajipingi. Hati hutolewa kwa namna hesabu zilivyoandaliwa: je, taarifa ya fedha inaonyesha hali halisi kwa kufuata viwango vya uhasibu? Wizi ulioandikwa vizuri kwenye vitabu, au hasara ambayo ni ndogo ikilinganishwa na jumla kuu, hauwezi peke yake kuharibu hati. Anayetaka kujua kama daraja lilijengwa kwa bei ya haki asiishie kwenye hati. Afungue ripoti za miradi ya maendeleo na zile za ukaguzi wa ufanisi, ambako thamani ya fedha ndiyo hoja. Inasikitisha kwamba mijadala mingi, hata ya wabunge, huishia kwenye kuhesabu hati.

Je, Bunge limewahi kuiwahi fedha kabla haijapoa? Limewahi, na kisa kilichoacha alama kubwa ni cha akaunti ya Tegeta Escrow.

Chimbuko lake ni mkataba wa mwaka 1995 kati ya shirika la umeme la Tanesco na kampuni ya IPTL, uliohusu mtambo wa megawati 100 huko Tegeta, Dar es Salaam. Mkataba uliitaka Tanesco ilipe tozo ya uwezo wa mtambo, umeme utumike usitumike. Baadaye shirika likalalamika kwamba linatozwa kupita kiasi. Wakati mgogoro ukiendelea, mwaka 2006 ikafunguliwa akaunti maalumu Benki Kuu: fedha zikae humo mpaka ijulikane nani anastahili nini. Zikakaa, zikakua. Mwishoni mwa 2013, baada ya kampuni ya Pan Africa Power Solutions, PAP, kudai kuwa ndiyo mmiliki mpya wa IPTL, zikaruhusiwa kutoka. Zilikuwa zaidi ya shilingi bilioni 300.

Mwaka 2014 mbunge wa Kigoma Kusini, David Kafulila, akaanza kulisema jambo hilo bungeni. Alipingwa vikali na mawaziri, lakini hakunyamaza. Hatimaye CAG akatakiwa kufanya ukaguzi maalumu, na taasisi ya kupambana na rushwa, Takukuru, ikachunguza kwa upande wake. Hapa ndipo ulipo uzito wa kisa hiki: hakuna aliyesubiri mzunguko wa kawaida wa Machi na Novemba. Fedha zilitoka mwishoni mwa 2013. Novemba 2014 ripoti ya ukaguzi maalumu ilikuwa mikononi mwa PAC chini ya mwenyekiti Zitto Kabwe na makamu wake Deo Filikunjombe, mmoja wa upinzani na mwingine wa chama tawala, CCM. Waliohusika bado walikuwa kwenye nafasi zao, na nyaraka za benki bado zilikuwa mbichi.

Hoja kubwa ya utetezi wa Serikali ilikuwa fupi: fedha zile hazikuwa za umma, zilikuwa za IPTL. Hoja hiyo haikuwa ya kijinga, na inafaa ieleweke. Ikiwa Tanesco ilidaiwa kihalali, basi alicholipwa mdai ni chake. Lakini akaunti ilifunguliwa kwa sababu deni lenyewe lilikuwa linabishaniwa. Kamati ikasema kwamba kabla ya hesabu kukamilika huwezi kuzitoa zote na kusema hakuna hata senti ya umma humo, tena kukiwa na kodi ambazo hazijalipwa. Mwandishi wa makala haya anaona kamati ilikuwa sahihi. Fedha ya shirika la umma inayongoja uamuzi inastahili ulinzi mkali kuliko fedha ambayo mwenyewe anajulikana.

Kulikuwa na jaribio la kuuzuia mjadala mahakamani. Mahakama Kuu ilitoa amri ya kutaka hali ibaki kama ilivyo. Spika Anne Makinda akaruhusu Bunge liendelee. Ripoti ikasomwa, ikiwa na majina na viwango. Kampuni ya VIP Engineering, iliyouza hisa zake kwa PAP kwa dola milioni 75, ilikuwa imewagawia fedha viongozi kadhaa wa umma. Baada ya mabishano ya siku kadhaa Bunge likapitisha maazimio. Desemba Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Frederick Werema, akajiuzulu, na waziri Anna Tibaijuka akaondolewa. Januari 2015 Waziri wa Nishati na Madini, Sospeter Muhongo, naye akajiuzulu. Wahisani walikuwa wameshashikilia misaada yao ya bajeti.

Miaka sita kabla ya hapo njia ilikuwa karibu ileile. Mkataba wa umeme wa dharura na kampuni ya Richmond ulisainiwa mwaka 2006, wakati ukame ulipokausha mabwawa. Kamati teule chini ya Dk. Harrison Mwakyembe ikasoma taarifa yake Februari 2008, na Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu pamoja na mawaziri wawili. Hapo pia Bunge halikungoja ripoti ya mwaka.

Visa vyote viwili vinaonyesha pia mahali mamlaka ya Bunge yanapokoma. Azimio la Bunge halimfukuzi mtu kazi wala halirudishi fedha. Bunge linaweza kupiga kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu, lakini kwa mawaziri na maafisa wengine hutegemea Rais, polisi, mwendesha mashtaka na mahakama. Hata silaha yake kubwa, kukataa bajeti, ina gharama: ibara ya 90 inamruhusu Rais kulivunja Bunge linalofanya hivyo. Katika suala la Escrow washtakiwa wakuu wawili walifikishwa mahakamani Juni 2017. Juni 2021 Harbinder Singh Sethi wa PAP akaachiwa baada ya makubaliano ya kulipa shilingi bilioni 26.9, na miezi michache baadaye kesi dhidi ya James Rugemalira wa VIP ikaondolewa. Anayetaka kupima nguvu ya azimio aziweke bilioni hizo 26.9 kando ya zile zaidi ya 300 zilizotoka.

Hali ya kisiasa nayo ina uzito. Kamati ya namna ya PAC ilizaliwa Uingereza mwaka 1861, na kwa desturi mwenyekiti wake hutoka upinzani, kwa sababu chama kinachotawala hakitegemewi kuchimbua makosa yake chenyewe. Tanzania iliichukua desturi hiyo. Lakini inahitaji upinzani uwepo bungeni kwa idadi ya maana, na baada ya uchaguzi wa 2020 haukuwepo.

Mkaguzi mwenyewe anahitaji ulinzi pia. Mwishoni mwa 2018 Profesa Mussa Assad, CAG wa wakati huo, aliulizwa na redio ya Umoja wa Mataifa kwa nini ripoti zake hazifanyiwi kazi, naye akasema anaona ni udhaifu wa Bunge. Spika Job Ndugai akamwita mbele ya Kamati ya Maadili, na Aprili 2019 Bunge likaazimia kutofanya naye kazi. Novemba mwaka huo nafasi yake akapewa mwingine. Desemba 2022 Mahakama Kuu ikaamua kwamba kuondolewa kwa namna ile kulikwenda kinyume cha Katiba. Bunge lilikuwa limeambiwa kwamba halifuatilii. Lingeweza kujibu kwa orodha ya maazimio yake na hatua zilizochukuliwa kwa kila moja. Orodha hiyo ingemsaidia kila mlipa kodi.

Basi kifanyike nini? Hatua ya kwanza haihitaji Katiba mpya. Kanuni za Bunge zinaweza kuweka siku ya mwisho ya kujadili ripoti, na siku hiyo iwe kabla ya kupitishwa kwa bajeti ya Juni, hata kama ni kwa wizara chache zenye hoja nzito. Mbunge anayepigia kura fungu la wizara akiwa na majibu ya hoja za mwaka uliopita mkononi ana nguvu ambayo Novemba haipo tena. Ya pili ni kutumia ukaguzi maalumu mara kwa mara, badala ya kuuweka kwa ajili ya kashfa zilizokwisha kulipuka.

Ya tatu ni ngumu zaidi: mikataba ya miradi mikubwa isomwe wakati bado inatekelezwa. Wakenya walisubiri tangu 2014 hadi Novemba 2022 kuona sehemu ya mikataba ya mkopo wa reli yao ya kisasa, wakati treni ilikuwa imeanza kupakia abiria Mombasa tangu 2017 na marejesho ya mkopo yalikuwa yameshaanza. Kamati inayopewa mkataba baada ya deni kuanza kulipwa haina cha kusimamia isipokuwa malipo.

Sehemu ya tatu itashuka hadi halmashauri, kwenye madarasa na zahanati zinazojengwa kwa fosi akaunti, ambako kamati ya wanakijiji inanunua saruji na nondo na kutakiwa kutunza kila stakabadhi.