Jioni za Matanga Komarock

Wageni wanaopita mitaa yetu ya Eastlands wamezoea kusema kwamba watu wa Nairobi wanamheshimu maiti kuliko mgonjwa. Wanaona hema limepigwa kwenye paking, viti vya plastiki vimepangwa, chai inachemka, watu wanaimba hadi saa nne usiku. Kisha wanamsikia mweka hazina akisoma bajeti ya mochari, jeneza na basi, wanakata shauri kwamba hapa kifo ni biashara na kelele. Hata wahubiri wengine wamelishika neno hilo. Mimi nimelea wanangu Komarock, na nasema hawakuelewa walichokiona.

Huku si kijijini kwa ukoo mmoja. Ukuta wa Mkamba ndio wa Mjaluo, wa Mkikuyu umeshikana na wa Mluhya, na wengi waliingia nyumba hizi wakijua kwamba safari ya mwisho ni ya Machakos, Siaya, Murang'a au Kakamega. Mwili ukishaondoka, magari yamefungwa vitambaa vyekundu, majirani wengi hawafiki kaburini: kuna kazi, kuna nauli, kuna watoto wa shule. Kwa hiyo sisi hulia kabla. Zile jioni za kati ya kifo na safari ndizo mazishi yetu.

Na tumezitia sanaa. Mama wa Kikamba huanzisha wimbo wa kanisa, Waluhya wakaupokea kwa sauti ya chini, na kabla haujaisha utamsikia mama wa Kijaluo akipenyeza maombolezo ya kwao, akimwita marehemu kwa jina la babake na la kijiji chake, akimuuliza amemwachia nani watoto. Hakuna anayemnyamazisha. Mfiwa aliyekaa siku mbili macho makavu hapo ndipo hulia. Disko matanga, yaani densi ya usiku kwenye matanga, ni jambo jingine, silitetei.

Halafu kuna daftari la kamati ya mazishi. Limepigwa mistari kwa rula: jina, nambari ya nyumba, mchango. Kati ya shilingi 500 na 1,000 utakuta “sukari kilo 2”, “sufuria kubwa”, “atachota maji”. Jioni moja mjane wa nyumba za nyuma alifika mikono mitupu. Mweka hazina akamuuliza, “Mama, tukuandikie ngapi?” Akajibu, “Niandike nitalala na mfiwa mpaka mwili uondoke.” Maneno hayo yote yaliandikwa kwenye safu ya pesa.

Wasiotujua hudhani ugomvi wetu mkubwa ni kaburi, na kweli nchi hii imegombania kaburi. Wakili S.M. Otieno alifariki tarehe 20 Desemba 1986. Mjane wake, Wambui, alitaka kumzika shambani kwao Upper Matasia, Ngong. Ukoo wa mume, Umira Kager, ukamtaka Siaya. Mwili ulikaa mochari miezi mitano hadi ukoo uliposhinda kortini, akazikwa Nyalgunga tarehe 23 Mei 1987. Hadi leo naona mama yule alidhulumiwa. Profesa Wangari Maathai, alipofariki mwaka 2011, aliachiwa afanye apendavyo: hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake, akalazwa kwenye jeneza la mianzi, mafunjo na magugu maji, kisha akachomwa Kariokor, Nairobi. Huko ndiko kufa vizuri, mtu kuondoka na neno lake likiheshimiwa. Azikwe, achomwe, ni lake na la jamaa zake. Sisi majirani tunadai zile jioni tu.

Nazo zinatutoka. Marufuku ya kutoka usiku ilipoanza tarehe 27 Machi 2020, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, mikutano ilikufa, na waombolezaji kaburini wakawekewa kikomo cha watu 15. Hatukuwa na la kufanya. Korona ilikuwa inaua. Lakini marufuku iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, na mahema mengi hayakurudi. M-Pesa, ambayo tangu 2007 ilimfaa aliye mbali, sasa inatumwa na jirani wa mlango wa pili. Kundi la WhatsApp linafunguliwa Jumatatu, orodha ya michango inanakiliwa mara arobaini, na Jumapili baada ya mazishi kila mtu anajiondoa. Nimeingia nyumba ya msiba nikamkuta mfiwa peke yake, simu mkononi, akijibu “asante” moja baada ya nyingine, chai haijapikwa tangu asubuhi.

Vijana huniambia pesa za simu hazipotei. Ni kweli, za daftari ziliwahi kupotea. Huniambia pia kwamba usalama umeharibika, askari wa geti wanataka watu watawanyike saa mbili. Basi tutawanyike saa mbili. Wimbo mmoja, chai, mfiwa ahesabu nyuso zilizokuja, na anayetaka kutuma kwa simu atume akiwa amekaa pale kwenye kiti.