Mnada Ukutani: Kompyuta na Elimu ya Pamoja Karagwe na Kyerwa

Kahawa ya Kagera ilipoanza kuuzwa kupitia mfumo wa Soko la Bidhaa Tanzania (TMX) katika msimu wa 2024, mnunuzi hakulazimika tena kufika ghalani. Anaweka zabuni yake mtandaoni. Bei zinapofunguliwa, wakulima wanazisoma kwa pamoja kwenye skrini, ya juu hadi ya chini. Wakiridhika, mzigo unauzwa. Wakikataa, unabaki ghalani.

Ajuaye butura anaelewa uzito wa jambo hili. Katika biashara hiyo, mkulima aliyebanwa na shida huuza kahawa ikiwa ingali mtini kwa mtu anayejua bei ya Bukoba na ya ng'ambo ya mpaka wa Uganda huko Murongo, huku yeye mwenyewe akijua shida yake tu. Skrini haitaimaliza butura, maana mwenye mgonjwa Februari hasubiri mnada wa katikati ya mwaka. Lakini imeondoa giza la bei, na hilo si dogo.

Skrini ya pamoja si wazo jipya. Mwaka 1991 Mark Weiser, mtafiti wa maabara ya Xerox PARC huko California, aliandika katika jarida la Scientific American kwamba kompyuta zitaenea kila mahali hadi watu waache kuziona. Alieleza vifaa vya saizi tatu: vya kiganjani, vya ukubwa wa karatasi, na vya ukutani vya kutazamwa na watu wengi. Kuenea kumetimia. Mita ya umeme ya LUKU ni kompyuta, ingawa hakuna anayeiita hivyo. Na katika vijiji vya Kyerwa vinavyopakana na Rwanda kwenye Mto Kagera, simu ikinasa mnara wa ng'ambo huku imewekwa kufuata saa ya mtandao, inarudi nyuma saa moja kamili. Mwanafunzi anayeitegemea imwamshe atachelewa shule.

Simu tunazo nyingi. Cha ukutani, kile cha watu wote, ndicho adimu, na kwa maoni yangu ndicho kinachofaa zaidi kwa elimu ya kijijini.

Chukua mnyauko wa migomba, uliothibitishwa Kagera mwaka 2006. Ndizi zinaiva kabla ya wakati, ukizipasua ndani zina rangi ya kahawia, na shina likikatwa linatoa usaha wa manjano. Mwaka 2019 watafiti wa CIAT na Bioversity walitoa programu ya simu iitwayo Tumaini, iliyofundishwa kwa maelfu ya picha kutambua magonjwa ya migomba. Ni kazi nzuri. Lakini bakteria anayesababisha mnyauko husafiri kwa panga lililokata mgomba mgonjwa, na kwa wadudu wanaotembelea ua la mgomba. Ukijua wewe peke yako, ukakata ua dume kwa kijiti chenye panda na kuchoma panga lako motoni, na jirani asifanye hivyo, shamba lako bado liko hatarini. Elimu ya mnyauko inafanya kazi ikiwafikia majirani wote kwa pamoja. Ndiyo maana redio ya jamii kama FADECO ya Karagwe ina nguvu ambayo programu ya mtu mmoja haina: mama yuko jikoni, mzee yuko kibarazani, na wote wanasikia jibu la swali lililopigwa na mtu wa kijiji kingine.

Shuleni hali ni ile ile. Vishikwambi vilivyotumika katika sensa ya Agosti 2022 viligawiwa walimu, na vimewasaidia kuandaa masomo. Lakini kishikwambi kikiinuliwa mbele ya darasa kinaonwa na waliokaa mbele tu.

Chama cha msingi cha ushirika wa wakulima chenye projekta ya mnada kingeweza kuiazima shule katika siku ambazo hakuna mnada. Mwalimu angeonyesha ukutani bei za msimu uliopita, na watoto wa darasa la sita wakapiga hesabu: gunia la baba lingeleta kiasi gani mnadani, na liliuzwa kiasi gani kwa butura?