WannaCry: Kwa nini kuzima kompyuta kuliwakosesha wengine mafaili yao

Mei 12, 2017, kirusi cha WannaCry kilianza kufunga mafaili kwenye kompyuta za Windows. Hospitali za Uingereza ziliahirisha matibabu, na ndani ya siku chache kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zaidi ya 150 zilikuwa zimeguswa. Ujumbe kwenye skrini: lipa dola 300 kwa bitcoin, la sivyo sahau mafaili yako.

Ukikutana na kitu kama hicho, cha kwanza kinachokuja kichwani ni kuzima mashine na kuiwasha upya. Kumbe kwa baadhi ya watu, hapo ndipo nafasi ya kuyaokoa bure ilipotea.

Siri iko kwenye RAM. Programu ikiwa inafanya kazi, vitu vyake hukaa humo kama baiti, yaani namba kuanzia 0 hadi 255, kila moja na anwani yake. Mfumo ukikupa ruhusa, unaweza kuandika skripti inayochungulia memori ya programu nyingine. Kwenye Cheat Engine, maarufu kwa wanaopenda kuchezea magemu, kuna amri ya Lua iitwayo readBytes: unaipa anwani, unaiambia isome baiti ngapi, inakuletea namba.

Kuzielewa ndiyo kazi. Kwenye kompyuta nyingi baiti ndogo hutangulia, hivyo 300 inaonekana kama 44 kisha 1, maana yake 44 jumlisha 256. Ukisoma kinyume unapata 11,265.

Mtafiti wa Ufaransa, Adrien Guinet, alitumia uchunguliaji huo huo dhidi ya WannaCry. Kirusi hicho kilitengeneza ufunguo wake kutokana na namba tasa mbili kubwa mno. Jibu la kuzizidisha lilibaki wazi kwenye diski, zenyewe zikafichwa. Lakini ukiipata moja tu, ya pili unaipata kwa kugawanya. Kirusi kiliiagiza Windows ifute siri hizo. Windows XP ikaachia nafasi bila kuisafisha. Hilo halikuwa kosa la wezi hata kidogo.

Programu ya Guinet, Wannakey, ilipekua memori ya kirusi kipande kwa kipande, baiti 128 kila mara, ikijaribu: je, namba hii inaligawanya lile jibu bila kubakiza kitu? Ikigawanya, ufunguo umepatikana. Mfaransa mwenzake, Benjamin Delpy, akaja na wanakiwi, iliyofanya kazi hadi kwenye Windows 7.

Ila ilikuwa kama bahati nasibu. Mashine isiwe imezimwa, na programu nyingine isiwe imeandika juu ya baiti hizo. Ndiyo maana hata leo wataalamu hushauri kuchomoa waya wa mtandao au kukata Wi-Fi kwanza, badala ya kukimbilia swichi ya umeme.

Delpy huyo huyo ndiye aliyetengeneza Mimikatz, inayosoma nywila kutoka memori ya mchakato wa Windows uitwao lsass, na wadukuzi wanaipenda kweli. Mlango ni ule ule. Microsoft ilijibu kwa Credential Guard kwenye Windows 10 ya mashirika: siri hizo zinawekwa sehemu iliyotengwa, ambayo hata msimamizi wa mashine hawezi kuichungulia.