Ari na Uchu wa Ukuu: Chimbuko la Mauaji katika Fasihi na Jamii

1. Maneno yenyewe

Mauaji yanayofanywa kwa ajili ya cheo ni dhamira kongwe katika fasihi za mataifa mengi, na wahakiki wamezoea kuyaeleza kwa neno moja tu: tamaa. Muuaji alitaka kiti, akaua ili akipate. Maelezo hayo si ya uongo, lakini yana upungufu, kwa kuwa wenye tamaa ni wengi na wanaoua ni wachache. Linalohitaji kuelezwa ni kile kinachoivusha tamaa kutoka moyoni hadi mkononi. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba kivuko hicho ni heshima, na kwamba mara nyingi heshima hiyo haimchemkii muuaji yenyewe, bali huchochewa na mtu mwingine mwenye faida yake.

Kiswahili kina msamiati mpana katika uwanja huu. Upande wa heshima kuna hadhi, jaha, murua, fahari na utukufu. Upande wa pili kuna tamaa, uchu, na ule usemi wa kutaka makuu. Katikati ya pande hizo limesimama neno ari. Asili yake ni neno la Kiarabu lenye maana ya aibu au fedheha. Katika Kiswahili maana hiyo imegeuka: ari ni hisia ya kutokubali kushindwa wala kudharauliwa, hisia ambayo humsukuma mtu atende. Ndani ya neno hili moja, basi, mna woga wa aibu na mna hamu ya kujikweza. Tena ni jambo la kuzingatiwa kwamba ari hutiwa. Mtu humtia mwenzake ari, na anayetia si lazima awe ndiye atakayetenda.

2. Liyongo na sindano ya shaba

Utendi wa Fumo Liyongo, uliotungwa na Muhamadi Kijuma wa Lamu mwaka 1913 kutokana na masimulizi ya kale ya pwani, ni mfano bora wa jambo hili. Mfalme wa Pate anamwogopa Liyongo kwa sababu ya nguvu zake na sifa zake, na anahofia kwamba ufalme utamtoka. Kwanza anajaribu fedha. Watu wa mwituni wanaahidiwa riali 100 wakimletea kichwa cha Liyongo, nao wanatunga hila ya kumpandisha juu ya mkoma ili wamfume akiwa huko. Liyongo haupandi, anayaangusha makoma kwa mishale, na hila inavunjika.

Baada ya fedha kushindwa, mfalme anageukia heshima. Anamwita kijana wa Liyongo mwenyewe, anamwahidi uwaziri na kumwoza binti yake. Wahakiki wengine huiita ahadi hii hongo, wakaiweka pamoja na zile riali 100. Kufanya hivyo ni kupoteza tofauti iliyo muhimu katika utendi wote. Riali hutumika zikaisha, lakini uwaziri na ukwe wa mfalme humpa mtu nafasi mpya mbele ya watu. Kijana aliyekuwa akijulikana kuwa mwana wa Liyongo ataheshimiwa sasa kwa cheo chake mwenyewe. Ndipo anapomwuliza baba yake ni kitu gani kiwezacho kumwua, akaambiwa ni sindano ya shaba ikichomwa kitovuni, na ndipo anapomchoma usingizini.

Liyongo anainuka na upinde wake, anapiga goti karibu na kisima na kufa hali mshale ungali uko tayari, hata watu wakaogopa kuteka maji wakidhani yu hai. Kijana naye hapati uwaziri wala mke. Anafukuzwa, anaugua, anakufa. Mfalme hakuishika sindano hata mara moja, na kiti chake kikabaki salama. Aliyeua kwa ajili ya heshima alikosa heshima, na faida ikamwendea aliyemtia ari.

3. Brutus na Macbeth

Tamthilia mbili za Shakespeare zilizokwisha kuingia katika fasihi ya Kiswahili zinathibitisha hoja hii kwa njia tofauti. Juliasi Kaizari ilitafsiriwa na Julius Nyerere, ikatoka mwaka 1963 na kusahihishwa mwaka 1969. Tafsiri ya Macbeth iliyofanywa na S. S. Mushi ilitoka mwishoni mwa miaka hiyo ya 1960.

Brutus hakuahidiwa cheo, wala hana chuki na Caesar. Anampenda. Kwa sababu hiyo Cassius hamjii kwa mlango wa tamaa. Anamkumbusha babu yake mkuu aliyemfukuza mfalme katika Roma, kisha anamtupia barua za kughushi zinazojifanya kuwa sauti ya raia. Brutus anaona aibu kwamba jina la ukoo wake litafifia mikononi mwake. Anapoua, anaamini kwamba anaondoa uchu wa Caesar, hali ameongozwa na uchu na wivu wa Cassius. Antony anapolirudia tena na tena lile neno la kwamba Brutus ni mtu mwenye heshima, umati wa Roma unaisikia kejeli. Uchungu wa mchezo ni kwamba maneno hayo ni ya kweli pia: lau Brutus asingekuwa mtu wa heshima, asingepatikana kwa kazi ile.

Macbeth ana tamaa tangu mwanzo, lakini tamaa hiyo peke yake haitoshi. Kabla ya kumwua mfalme Duncan anasita, akiwaza kwamba mfalme ni jamaa yake na mgeni wake. Mkewe hamwongezei hoja juu ya uzuri wa kiti cha enzi. Anautilia shaka uanaume wake. Hapo kusita kunakoma.

4. Kutoka kitabuni hadi katika historia

Jambo hili halikuishia katika utunzi. Mwaka 1806, huko Barka katika Omani, Said bin Sultan, akiwa kijana wa miaka kama 15, alimwua binamu yake Badr bin Seif aliyekuwa ameyashika madaraka. Badr alikuwa ametegemea msaada wa Mawahabi, jambo lililoonwa na Waomani wengi kuwa fedheha kwa nchi yao, na husimuliwa kwamba shangazi yake Said, Bibi Moza binti Ahmad, ndiye aliyemhimiza. Kwa hiyo kitendo kilichomfungulia Said njia ya utawala kilielezwa kuwa ni cha kuokoa hadhi ya ukoo na ya nchi. Kinyume cha mwana wa Liyongo, Said alikipata alichokiua, akatawala Omani na Zanzibar hata kufa kwake mwaka 1856. Kufaulu kwake ndiko kunakofanya mauaji yale yatajwe kwa sauti ndogo.

Katika nchi ya Kenya, uchaguzi wa Desemba 2007 ulifuatwa na ghasia ambazo, kwa hesabu ya Tume ya Jaji Philip Waki ya mwaka 2008, ziliwaua watu 1,133. Tume hiyo ilieleza kwamba baadhi ya ghasia zilizuka zenyewe na nyingine zilipangwa, wanasiasa na wafanyabiashara wakiwamo miongoni mwa wapangaji. Waliogombea vyeo walikuwa wachache mno. Walioshika panga na mishale hawakuwa wakigombea kiti chochote. Vijana hao walihitaji kuaminishwa kwamba jamii yao imedhalilishwa na kwamba mwanamume wa kweli hawezi kukaa kimya. Tamaa ilikuwa ya mmoja, ari ikawa ya wengi, na makaburi yakawa ya wengine kabisa.

5. Hitimisho

Haifuati kutokana na haya kwamba ari ni kitu kibaya. Bila ari mwanafunzi hasomi, mkulima halimi, na taifa halijikomboi. Lakini mwalimu wa fasihi anayewafundisha wanafunzi kwamba wauaji wa Liyongo, wa Caesar na wa Duncan walikuwa watu wenye tamaa tu, anawapa faraja isiyo ya kweli, kwa kuwa kila mwanafunzi atajiona kuwa yeye hana tamaa ya namna hiyo, na hivyo hayumo hatarini. Yumo, maadamu anaona aibu na anapenda kuheshimiwa.

Yafaa kazi hizi zisomeshwe kwa maswali mawili zaidi ya yale yaliyozoeleka. La kwanza: ni nani aliyetia ari, na kwa maneno gani? La pili: baada ya damu kumwagika, ni nani aliyebaki amekaa kitini? Msomaji aliyezoea kuuliza hayo juu ya mfalme wa Pate atakuwa na mazoea ya kuyauliza pia siku atakapoitwa yeye, akaahidiwa heshima, na kukabidhiwa sindano.