Redio Isiyo na Jina

Chukua balbu ya tochi uitazame kwa makini. Ndani ya kioo utaona uzi mwembamba wa metali. Umeme unapopita katika uzi huo, uzi hupata joto kali na kutoa nuru. Kabla ya transista kuvumbuliwa huko Marekani mwaka wa 1947, redio zilitumia vyombo vya kioo vilivyofanana na balbu. Vyombo hivyo huitwa valvu.

Ndani ya valvu hewa imetolewa karibu yote. Uzi ukipata joto, chembe ndogo mno za umeme, ziitwazo elektroni, huruka na kuvutwa na bamba la metali lililo karibu. Mwingereza John Ambrose Fleming alitengeneza valvu ya namna hiyo mwaka wa 1904. Mwaka wa 1906 Lee de Forest wa Marekani aliongeza wavu mdogo wa waya kati ya uzi na bamba. Umeme dhaifu unaofika kwenye wavu hutawala mkondo mkubwa wa elektroni, kama lango la mfereji linavyotawala maji yaendayo shambani. Hivyo ndivyo mawimbi dhaifu yaliyonaswa na eriali yalivyokuzwa hata yakasikika.

Matangazo ya BBC yalianza London mwaka wa 1922. Redio za dukani zilikuwa ghali, kwa hiyo Waingereza wengi walijiundia zao nyumbani kwa kufuata michoro iliyochapishwa magazetini. Baadhi ya redio hizo zingalipo hadi leo. Hazina jina la kiwanda wala namba. Je, tutajuaje zilitengenezwa lini?

Tuseme umeletewa redio moja ya namna hiyo. Usiiunganishe na umeme! Uzi wa valvu nyingi za wakati ule ulihitaji volti 2 tu, lakini bamba lilihitaji volti 60, au hata 120. Kwa hiyo redio ilitumia betri mbalimbali. Ukiunganisha betri kubwa na nyaya za uzi, nyuzi zote zitakatika mara moja, na valvu hizo ni adimu sana siku hizi. Tena mpira uliofunika nyaya umekauka na kupasuka, na volti nyingi huweza kumdhuru mtu. Kazi hii hufanywa na fundi. Wewe simama kando utazame.

Kwanza fundi huchora kila waya unakoanzia na unakoishia. Kisha huondoa vumbi kwa brashi laini. Kioo cha valvu hakisugui kamwe, maana namba ya aina ya valvu imeandikwa juu yake kwa rangi inayofutika hata kwa kidole. Watu wengi wamepoteza ushahidi wao mzuri hapo, kwa kupenda usafi tu!

Baadaye huchunguza soketi, yaani mahali valvu inapochomekwa. Valvu nyingi za Uingereza za miaka ya 1920 zilikuwa na miguu minne. Valvu zenye miguu minane iliyozunguka kigingi cha katikati zilianza kutumika Marekani mwaka wa 1935. Basi soketi ya matundu manane haikuweza kufungwa kabla ya mwaka huo. Lakini je, kwa nini tunaitazama soketi zaidi ya valvu? Valvu huungua na kubadilishwa kama balbu ya taa. Soketi imefungwa kwa skrubu kwenye ubao, na aghalabu hubaki palepale.

Valvu nyingi zina pia doa linalong'aa kama fedha ndani ya kioo. Ni metali iliyowekwa humo ili inyonye mabaki ya hewa. Doa likiwa jeupe kama maziwa, hewa imeingia, na valvu hiyo haifai tena.

Sasa fikiri. Fundi amekuta redio yenye soketi tatu za matundu manne na moja ya matundu manane. Kando ya ile ya matundu manane ubao una matundu ya skrubu yasiyo na kazi. Redio hiyo iliundwa kabla ya mwaka wa 1935 au baadaye? Eleza sababu zako kwa mwalimu.