Huyu si Mtoto wa Fuko

Mkulima, kama shamba lako liko upande wa Kinangop, karibu na msitu wa Nyandarua (Aberdare), huenda siku moja jembe litamfukua mnyama mdogo wa rangi ya udongo, mwenye mkia mfupi, macho madogo sana na kucha ndefu za mbele. Watu wengi humpiga palepale wakisema ni mtoto wa fuko. Kabla hujampiga, mtazame mdomo.

Fuko ana meno makubwa ya mbele yaliyotokeza nje, nayo ndiyo yanayokata mizizi na viazi vyako. Huyu ana pua ndefu iliyochongoka, na safu ya meno madogo makali. Hana haja na kiazi. Chakula chake ni nyungunyungu, wadudu na viwavi wa udongoni. Ni kweli nyungunyungu hufaa udongo, lakini hawezi kuwamaliza.

Jina lake ni kirukanjia. Ingawa wengi humwita panya, hayumo katika ukoo wa panya wala wa fuko; kalunguyeye ni jamaa yake wa karibu zaidi kuliko hao.

Virukanjia wa aina nyingi wametapakaa Afrika nzima. Lakini hawa wachimbaji wa mlimani, ambao wataalamu huwaita Surdisorex, yaani kirukanjia kiziwi, ni aina tatu tu, na kila aina ina mlima wake. Wa Nyandarua alipewa jina la kitaalamu mwaka 1906, wa Mlima Kenya mwaka 1916, na wa Mlima Elgon mwaka 2009 tu. Kutoka Nyandarua hadi Mlima Kenya ni safari fupi ya gari kupitia Nyeri. Kwa kirukanjia ni kama bahari, maana yeye hukaa penye baridi na udongo wenye unyevu. Akiisha kwenye mlima wake, hakuna mwingine wa kuhamia hapo.

Kwa hiyo ukitega fuko, tega katika njia yenye kichuguu kipya, na uutazame mtego mara kwa mara. Usimwage sumu ovyo. Acha ukanda wa nyasi ndefu ukingoni mwa shamba. Ukimkuta kirukanjia akiwa hai, mwondoe kwa koleo, kwa maana huuma, umwachie nyasini.

Paka naye humwua, lakini mara nyingi humwacha bila kumla kwa sababu ya harufu yake. Ukimkuta amelazwa mlangoni asubuhi, waite watoto uwaonyeshe yale meno.